Wachu Wachachu

Barua ya kukataliwa ina kurasa mbili.
Ameifunga pindoni mwa leso, imekunjwa mara nane,
mikunjo imeanza kula herufi.
Anaiweka mezani
kama anayerudisha dukani unga wenye fukusi.

Ofisi yetu iko Langoni, juu ya duka la misumari na rangi.
Feni haizunguki tangu juzi.
Wakili Kadzo huja kutoka Malindi kila Alhamisi,
na leo ni Jumanne,
basi ni mimi tu, mkalimani,
cheti kimoja ukutani na kalamu mbili.

"Nisomee," asema Tima Kupi. "Nisomee nilivyosema."

Nasoma:
Mwombaji anaeleza kwamba usiku huo
wachuuzi wachache walifika nyumbani kwake, Chovai.
Hakufafanua kwa nini awaogope wachuuzi.
Hofu yake haina msingi.

Chini, mtu anapimiwa misumari. Nasikia inavyomiminwa.

"Wachuuzi?"
Anavitazama viganja vyake, mbele na nyuma.
"Mimi nilisema wachu. Wachu wachachu."

Hapo ndipo ninapoiona ile siku:
karani kijana wa bara, hana ubaya,
ana faili arobaini na njaa ya saa saba,
anasikia wachu, hajui ni kitu gani,
analivika neno analolijua.
Wachu, wachuuzi. Wachachu, wachache.
Na watu watatu wenye bunduki
wakageuka wauza vitunguu.

Mimi ni mtu wa Faza.
Neno hilo nilikuwa nalo kabla ya kushika kalamu.
Darasa la pili nilisimama nikahesabu
moya, mbili, chachu,
mwalimu akauliza kama kwetu tunahesabu
au tunaumua maandazi.
Walicheka hadi kengele.
Tangu siku ile nikasema tatu. Nikasema mtu.
Nikasema vizuri hata nikapewa kazi hii.

"Wachu wachachu," namwambia.
Miaka ishirini na sita sijalitamka mbele ya mgeni.
Anainua uso.
"Kumbe u wetu?"
"Wa Paza."

Tunaanza upya.
Naandika anavyosema yeye,
na kando yake, kwa wino mwekundu, Kiswahili cha serikali.
Wa kwanza alivaa kiatu kimoja, cha plastiki.
Wa pili alimwita mumewe kwa jina.
Wa tatu hakusema kitu, ndiye aliyefunga mlango.
Walisema: ukoo wenu hauna bunduki,
basi hauna kisiwa.
Tarehe haijui.
Anajua mtoto alikuwa na jino moja,
na sasa meno yale ya utoto yanang'oka.
Naandika: mtoto alikuwa na jino moja.
Wakili atajua la kulifanyia.

Siku za rufaa zimebaki nne.

Namsomea tangu mwanzo.
Kila mstari anaugonga mezani kwa kidole,
hadi kwenye kiatu. Ananisimamisha.
"Cha kushoto. Andika cha kushoto."
Naandika.

Anatia dole gumba. Wino wa zambarau
anaufutia kwenye leso, mahali ilipokuwa barua.
Simwahidi kitu. Sijui Bodi itasemaje,
na ahadi ameshapewa na watu wenye ofisi kubwa kuliko hii.

Mlangoni anageuka.
"Na wale wachuuzi, utawafuta?"
"Siwezi. Barua ya serikali haifutwi. Hujibiwa."

Anafikiri kidogo. Anakubali, au amechoka.
Kisha anashuka ngazi akihesabu kwa sauti,
moya, mbili, chachu,
kwa kuwa kidato cha nne kimeoza
na nilimwonya wakati wa kupanda.